Adabu ya Nani? Tungo za Usia, Miiko ya Kaya na Maisha ya Leo katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Katika mabaraza ya pwani hakuna lalamiko linalosikika mara nyingi kuliko lile la kupotea kwa adabu. Husemwa kwamba vijana hawaamkii tena, kwamba watu huingia majumbani bila hodi, na kwamba mtoto wa leo hajui aketi wapi wala aseme nini mbele ya mtu mzima. Dawa inayotolewa ni moja: watu wayarejee maandishi ya wahenga yaliyowekwa makusudi ili kufunza mwenendo mwema. Kwanza hutajwa Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Baada yake hutajwa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Kisha huja makala za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, na mwishoni tenzi mbili ambazo Shaaban Robert aliwatungia wanawe, yaani Hati na Adili.

Makala haya yanakusudia kuyapima maandishi hayo kwa swali moja: yanamfaa nini mtu anayeishi leo Diani, Gasi, Msambweni au Vanga? Kwale imechaguliwa kwa sababu maalumu. Hakuna hata moja kati ya maandishi hayo lililozaliwa huko. Mwana Kupona alikuwa mtu wa upande wa Pate na Siyu, Mtoro alitoka Bagamoyo, Sheikh Al-Amin alikuwa Mombasa, na Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga. Lakini Kwale ina watu wa kila namna ambao maandishi hayo hudaiwa kuwafaa: Wavumba wa Vanga na Wasini, Wachifundi wa Funzi na Shimoni, Wadigo wa mwambao na Waduruma wa bara. Kuna pia wazao wa waliokuwa mabwana na wazao wa waliokuwa watumwa, na juu ya hao wote wapo wageni wa hoteli za Diani. Mwongozo wa adabu unaodai kumfaa kila mtu hauwezi kupata mtihani mgumu kuliko huo.

Wakati wa kuandikwa

Jambo la kwanza linalodhihirika maandishi haya yakisomwa pamoja ni kwamba yote yalitungwa katika nyakati za wasiwasi. Wasomaji wengi huyachukua kama picha ya zama ambazo kila mtu alijua nafasi yake na kila kijana alikuwa mtiifu. Historia haikubaliani na dhana hiyo.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa miaka mingi na nguvu za Masultani wa Unguja. Alipotunga utendi wake alikuwa mgonjwa, mumewe amekwisha kufariki, na utawala wa nyumba yake ulikuwa ukitishwa kutoka nje. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa bado mdogo. Kwa hiyo usia ule si sauti ya mtu aliyeketi salama katika dola yake. Ni sauti ya mama anayeona kwamba huenda asiwepo kesho, na kwamba ngome pekee atakayoweza kumwachia mwanawe ni mwenendo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari naye aliandika baada ya Wadachi kuitwaa nchi. Tangu mwaka 1900 alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Huko ndiko alikojifunza kwamba adabu ya nyumbani haimlindi mtu mahali ambapo wenye nguvu hawaitambui. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipojaribu kurudi Afrika Mashariki wakuu wa koloni walimzuia mkewe kushuka pwani. Mtu aliyeandika kwa makini jinsi Waswahili wanavyopokea wageni hakuweza kumpitisha mkewe katika mlango wa nchi yake mwenyewe. Alirudi Ujerumani na kufia huko mwaka 1927.

Sheikh Al-Amin alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, wakati ambapo Waislamu wa pwani walikuwa wakipoteza ardhi, vyeo na imani juu ya nafsi zao chini ya utawala wa Kiingereza. Makala zake, zilizokusanywa mwaka 1944 kwa jina la Uwongozi, zinawakemea watu wake kwa gharama za sherehe na kwa kuiga mambo ya nje bila kupima. Ama Shaaban Robert, tenzi zake kwa Mwanjaa na Suleiman zilitoka katika nyumba iliyofiwa na mama.

Katika hali zote nne mwongozo uliandikwa pale mambo yalipoanza kuponyoka mikononi. Ni kosa basi kuutumia kama ushahidi kwamba wazee walikuwa na adabu na sisi hatuna. Kama Mwana Hashima na rika lake wangekuwa tayari wanatenda yale yote, mama asingeomba karatasi na wino. Msomaji wa Kwale anayelalamikia vijana wa leo anafanya jambo lile lile lililofanywa na watunzi hao. Tofauti ni kwamba wao walitunga, ilhali yeye huishia kunukuu.

Muungwana na kivuli chake

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni suala la tabaka. Neno lenyewe linalobeba adabu katika Kiswahili ni uungwana. Methali husema kwamba muungwana ni kitendo, na walimu wengi huifasiri kuwa heshima hupatikana kwa matendo na si kwa nasaba. Tafsiri hiyo ni nzuri, lakini isifiche maana ya asili. Muungwana alikuwa mtu huru, na kinyume chake hakikuwa mtu asiye na adabu, bali mtumwa. Uungwana ulikuwa hali ya kisheria kabla ya kuwa sifa ya tabia.

Kitabu cha Mtoro kinalionyesha jambo hili waziwazi kuliko utungo wowote, kwa sababu nathari yake haipambi. Anapoeleza kofia, viatu, urefu wa kanzu na namna ya kumwita bwana, inabainika kwamba vitu hivyo vilikuwa alama za mpaka. Mtumwa hakukatazwa kofia kwa kuwa hajui kuvaa. Alikatazwa kwa kuwa angeonekana kama bwana wake. Katika Unguja ya karne ya 19 hali ilikuwa hiyo hiyo, na wanawake watumwa hawakuruhusiwa kujifunika kama walivyojifunika mabibi zao. Mwana Kupona naye humwonya binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Shauri hilo limo katika utendi ule ule unaosifiwa kwa upole wake, tena mtunzi halioni kuwa linapingana na upole huo.

Kwa mtu wa pwani ya kusini mambo haya si habari za mbali. Gasi palikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka upande wa Wadachi. Mashamba ya eneo hilo yalilimwa na watumwa. Katika ukanda wa pwani ya Kenya hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Katika darasa moja la Msambweni wanaweza kuketi pamoja watoto ambao babu zao walivaa kilemba na watoto ambao babu zao walikatazwa kofia. Mwalimu anapowaambia wote kwa pamoja kwamba hizi ndizo adabu za wazee wenu, anasema kweli kwa baadhi yao tu.

Mfano wa kiisimu unaofaa kufikiriwa hapa ni salamu ya shikamoo. Wanaisimu wengi huiunganisha na maneno ya kushika miguu, na wengine huongeza kwamba ilikuwa salamu ya mnyonge kwa bwana. Leo mtoto wa pwani huitoa kwa mtu mzima yeyote, awe tajiri au mchukuzi, naye hujibiwa marahaba. Ikiwa asili hiyo ni sahihi, basi jamii imefanya jambo la ajabu bila kuamriwa na kitabu: imeichukua alama ya daraja la milki na kuigeuza kuwa alama ya daraja la umri. Daraja la milki humfunga mtu maisha yake yote, lakini daraja la umri kila mtu hulipanda kwa zamu, na anayeamkia leo ataamkiwa kesho. Badiliko hili linaonyesha kwamba adabu ya kale inaweza kufaa leo, na linaonyesha pia sharti lake: uhusiano ulio ndani ya adabu ubadilike hata kama umbo la nje limebaki.

Mjomba aliyesahauliwa

Jambo la tatu linahusu ukoo. Katika Utendi wa Mwana Kupona binti huambiwa kwamba anahitaji radhi tano: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Orodha hiyo husomwa Lamu bila mshangao. Ikisomwa miongoni mwa Wadigo wa Kwale, pengo hudhihirika mara moja, kwani mjomba hayumo.

Wadigo walirithishana kwa upande wa mama. Mali ya mtu haikuenda kwa wanawe bali kwa wana wa dada yake, na kauli ya mjomba katika mambo ya mahari, deni na ardhi ilikuwa nzito. Uislamu ulipoenea baina yao, hasa tangu mwisho wa karne ya 19, kulizuka mvutano mrefu kati ya mirathi ya kisheria inayomtazama mwana na ada ya ukoo inayomtazama mpwa. Mvutano huo uliingia katika mabaraza ya wazee na katika ofisi za serikali ya kikoloni. Haukuwa mvutano wa mali peke yake. Ulikuwa pia mvutano wa adabu: mwanamke aliyeolewa amsikilize nani kwanza, mumewe au kaka yake? Kijana amwamkie nani kwa unyenyekevu zaidi, baba aliyemzaa au mjomba atakayemrithisha?

Hapa wahakiki wa utendi huu wamegawanyika. Wapo walioufanya kuwa hati ya kumtia mwanamke utumwani. Wapo waliousoma kwa undani zaidi: Ann Biersteker, katika uchambuzi wake wa mwaka 1991, alionyesha kwamba lugha ya utendi ina nguvu ya mwanamke anayejua kutumia maneno, na kwamba si utiifu mtupu. Kweli, mume anayeelezwa katika beti zile, anayepepewa, kukandwa na kuachwa alale bila kuamshwa, hufanana sana na mtoto anayelelewa. Anayejua yote na kuyapanga yote ni mke. Hata hivyo, masomo yote mawili yanachukulia kwamba nyumba ina nguzo mbili tu, mume na mke. Nyumba ya Kidigo ilikuwa na nguzo ya tatu. Mwanamke wa Kidigo aliyekosana na mumewe alikuwa na mahali pa kurudi ambapo hapakuwa pa baba tu, na usia unaomfundisha kwamba radhi ya mume ndiyo mlango wake wa mwisho unamwondolea kinga aliyokuwa nayo.

Somo lipatikanalo si kwamba utendi ni mbaya. Ni kwamba hakuna adabu ya Waswahili wote, seuze adabu ya Waafrika wote. Kila mwongozo umebeba ramani ya ukoo wake. Anayeuhamisha kutoka Siyu hadi Kinondo bila kuitazama ramani hiyo atawapoteza wasafiri.

Hoteli na kaya

Tangu miaka ya 1960 na 1970 ufuo wa Diani umegeuka kuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya watalii nchini Kenya. Pamoja na hoteli imekuja adabu mpya yenye walimu na vyeti vyake. Chuo cha Utalii kilianzishwa Nairobi mwaka 1975, na watumishi wa hoteli hufundishwa namna ya kutabasamu, kusimama, kujibu na kuomba radhi. Salamu nayo imefinyangwa. Hujambo, ambayo ni swali linalodai jibu la sijambo, imekatwa kichwa na kubaki jambo, sauti isiyouliza wala kujibu, na nyimbo za kuwafurahisha wageni zimeieneza duniani kote.

Ukiitazama kwa makini, adabu ya hoteli haina tofauti kubwa na sehemu ile ya adabu ya kale inayotukuzwa na wengi. Zote mbili humfundisha wa chini namna ya kumpendeza wa juu. Kijana wa Diani anayeambiwa asomeshwe uungwana wa kale ili apone na utumwa wa utalii anaweza kuuliza, na swali lake litakuwa la haki, kama hajapewa mzigo ule ule katika kikapu kingine.

Lakini umbali mfupi kusini ya hoteli hizo ipo adabu ya namna nyingine. Kaya Kinondo ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tangu mwaka 2001 wageni wameweza kuingia wakiongozwa na wenyeji. Kabla ya kuingia, mgeni hufungwa kaniki kiunoni na kuelezwa miiko: asiondoke na kitu chochote, hata jani au kijiti, na asibusiane wala kukumbatiana na mwenziwe ndani ya msitu. Baada ya hapo ndipo huongozwa ndani.

Huu ni mwongozo wa adabu kwa kila hali, ingawa hauna karatasi wala vina. Hutamkwa mlangoni, kwa mtu mahsusi, kwa ajili ya mahali mahsusi, na sababu zake huelezwa: msitu ni mahali pa wahenga, makaburi na maombi. Jambo kubwa zaidi ni kwamba anayefundishwa ni mwenye fedha, na anayefundisha ni mwenyeji. Mtu yule yule ambaye asubuhi amehudumiwa mezani na kijana aliyefundishwa kuinama, adhuhuri anafungwa kaniki na kuambiwa azuie mikono yake. Hakuna kisomo cha utiifu hapo. Mwenyeji anaitumia adabu kuulinda msitu.

Yaweza kusemwa kwamba hata miiko ya kaya ina madaraja yake, kwani wazee ndio wenye kauli, na wanawake na vijana wana mipaka yao. Pingamizi hiyo ni ya kweli na haipaswi kufichwa. Yaweza kusemwa pia kwamba kaniki ya mtalii imekuwa sehemu ya biashara. Hata hivyo, kipimo kinabaki: miiko ya kaya huweka mpaka ambao mwenye nguvu hawezi kuununua. Akitaka jani la ukumbusho, fedha zake hazitoshi. Katika maandishi mengi ya adabu yaliyotajwa hapo juu mpaka wa namna hiyo ni nadra, ijapokuwa haukosekani kabisa.

Yanayosalia

Baada ya mapingamizi hayo, inafaa kuuliza ni nini kinachosalia katika maandishi ya kale. Kinachosalia si kidogo.

Kwanza, yapo mafunzo ya ulimi. Mwana Kupona humtaka binti yake awe mwaminifu, asipeleke habari huku na huko na asiingilie asilolijua. Shaaban Robert hulirudia jambo hili kwa wanawe wote wawili. Ulimi haukubadilika kwa sababu karatasi imegeuka simu. Katika vikundi vya simu ambamo ujumbe mmoja huwafikia watu mamia kabla ya mtumaji kuujutia, shauri la kupima neno kabla ya kulitoa limezidi kuwa na kazi.

Pili, ipo adabu ya hodi. Mila ya pwani, iliyotiwa nguvu na mafundisho ya dini, humtaka mtu apige hodi mara tatu na, asipojibiwa, aondoke bila kinyongo. Watu wanaojenga nyumba za ghorofa huko Ukunda wanaweza kudhani kwamba mlinzi na kengele vimeifuta adabu hiyo. Kiini chake ni kwamba wakati wa mwenye nyumba ni mali yake, na asiyetaka kuonekana hadaiwi sababu. Kanuni hiyo inaweza kuhamishwa nzima nzima kutoka mlangoni hadi kwenye simu: anayepiga mara ya tatu bila kujibiwa na asikasirike ni muungwana kwa maana iliyo bora.

Tatu, ipo adabu ya mgeni, ambayo ina pande mbili. Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi husemwa kwa mzaha, lakini ni sheria ya haki: mwenyeji ana wajibu, na mgeni ana wajibu. Adabu ya hoteli ina upande mmoja tu, kwa sababu mgeni amekwisha kulipa. Kuirejesha methali hii katika mazungumzo ya Diani ni kurejesha swali la mgeni anadaiwa nini na mahali alipofikia. Kaya Kinondo imekwisha kulijibu kwa namna yake.

Nne, adabu ya kale yenyewe inafundisha namna ya kubadilika. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya na serikali ikawataka watu waache kupeana mikono, jambo lililoonekana kuwa nguzo ya salamu za pwani lilisimama kwa muda. Hata hivyo watu hawakuacha kuamkuana. Mkono uliwekwa kifuani, kichwa kikainamishwa kidogo, na maneno yakabeba uzito ambao zamani ulibebwa na viganja. Anayeamini kwamba adabu ni umbo angedhani salamu imekufa. Waliokuwa wakiamkuana walijua kwamba umbo ni chombo tu.

Vipengele hivi vinne vina sifa moja ya pamoja. Kila kimoja kinaweza kudaiwa na mtu yeyote kwa mtu yeyote. Mtumwa angeweza kudai asisengenywe na bwana wake, hata kama hakusikilizwa. Maskini aweza kudai hodi kwa tajiri. Mwenyeji aweza kudai jembe kwa mgeni. Kinyume chake, kofia, urefu wa kanzu na marufuku ya kuchanganyika vilikuwa madai ya upande mmoja. Hiki ndicho kipimo kinachopendekezwa: shauri la adabu lichukuliwe, ligeuzwe, na anayeamriwa awekwe mahali pa anayeamuru. Likisimama, lina kazi leo. Likianguka, lihifadhiwe kwa ajili ya historia na lisomeshwe kama historia.

Suala la fani

Huenda ikaulizwa kwa nini wasomaji wasichukue mashauri yanayofaa wakaacha tungo zenyewe. Jibu limo katika fani. Utenzi wenye mizani minane na vina vinavyorudi uliundwa ili ukae moyoni mwa mtu asiye na kitabu. Utendi wa Mwana Kupona ulienea kwa nakala za mkono na kwa kukaririwa muda mrefu kabla ya Alice Werner na William Hichens kuuchapisha mwaka 1934. Aidha, utenzi wa usia una mtu anayesema na mtu anayesemeshwa. Mwana Hashima ameitwa akaribie. Mwanjaa na Suleiman wametajwa. Shauri linalotolewa na mama mgonjwa kwa mtoto wake halina ukali wa tangazo la ukutani. Vitabu vingi vya siku hizi vya kufundisha maadili vimebeba mashauri na kuacha sauti, ndiyo maana wanafunzi huvijibia mtihani na kuvisahau.

Kwa hiyo tungo hizi zinafaa zisomwe nzima, pamoja na beti zinazoumiza. Kuondoa ubeti wa watumwa ili utendi upendeze darasani ni kumnyima mtoto wa Gasi haki ya kujua kwamba adabu iliyosifiwa ilikuwa na gharama, na ni nani aliyeilipa. Mwalimu anayeusoma ubeti huo kwa sauti na kuuliza darasa lake nani hakuitwa karibu siku ile wino ulipoletwa amefundisha adabu kuliko anayeuruka.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maandishi ya adabu ya Waswahili hayafai kutumiwa kama sheria, wala hayastahili kutupwa kama masalia ya ukabaila. Yalitungwa katika nyakati za wasiwasi, yalibeba madaraja ya jamii zao, na yalifuata ramani za koo zao. Ndani yake mna mashauri ambayo yanaweza kudaiwa na kila mtu, na hayo bado yana kazi katika maisha ya leo.

Imebaki kazi moja ambayo idara za lugha zinaweza kuifanya vizuri kuliko wengine. Adabu zilizoandikwa ni za miji michache ya waungwana wenye wino. Adabu za Wadigo, Waduruma, Wachifundi na Wavumba zimo zaidi katika vinywa: katika miiko ya kaya, katika mafunzo ya wari na makungwi, katika maneno ya mjomba kwa mpwa wake, na katika maagizo ya nahodha kwa mabaharia wa Shimoni na Vanga. Zikikusanywa kwa lugha zake zenyewe na kuwekwa kando ya Mwana Kupona na Mtoro, mwanafunzi wa Msambweni atakuwa na zaidi ya mwongozo mmoja mbele yake, na ataweza kupima. Wanaozijua wengi wao ni wazee, kwa hiyo kazi hiyo inafaa ianze mapema.